Matundu Niliyoyaziba Kabla ya Kuwasha Kiyoyozi

Alhamisi, katikati ya Mei. Mawingu yamekalia milima ya Uluguru tangu asubuhi na hapa Kihonda hakuna joto la kulalamikia. Kiyoyozi kipo ukutani, kimezimwa tangu Februari. Sijakigusa, hata vumbi sijakifuta.

Naandika kwa mpangilio, maana nikiacha mpangilio sitamaliza.

Saa tatu asubuhi mdogo wangu Shabani alipiga simu kutoka Mgeta, kule juu mlimani, furaha tupu. "Dada, dari limekwisha! Na vioo vyote nimeweka. Ukungu wa Juni utabisha hodi mpaka uchoke!" Amekuwa akiikarabati nyumba ya wazazi wetu tangu baba afariki, ili mama asisumbuke na baridi. Mama yuko eda, hatoki. Amebakiza kama mwezi na nusu.

Mgeta miezi hii inauma. Na mama, kama wanawake wote wa kule, ikifika alasiri huingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga mlango, akaota moto. Amefanya hivyo tangu usichana, katika nyumba ambayo upepo ulipita kati ya ukuta na bati bila kuomba ruhusa. Sasa haupiti. Shabani ameuzuia kwa mikono yake mwenyewe, kwa mapenzi.

Nilimwambia atoboe matundu juu ya kila dirisha, leo leo. Akacheka. "Nitoboe nyumba niliyoimaliza jana? Kisa nini?"

Nikasema unyevu. Nikasema rangi itabanduka.

"Ikibanduka nitapaka tena, Dada. Kuwa na amani." Akakata simu.

Nilimdanganya, kama nilivyomdanganya kila mtu tangu Februari.

Baba alishuka kutoka Mgeta Desemba kwa sababu ya moyo. Maji yalikuwa yanajaa miguuni na kifuani, na daktari alitaka kumwona kila wiki. Barabara ile wakati wa mvua si ya kumpandisha na kumshusha mgonjwa, kwa hiyo akakaa kwetu, na mama akaja kumwuguza. Lakini mtu aliyeishi zaidi ya miaka sabini kwenye ukungu, ukamlaza Kihonda Januari chini ya bati, unamwona anavyopungua. Alikuwa analala ameketi, mdomo wazi. "Mwanangu, nirudisheni. Huku napikwa."

Kumrudisha ilikuwa kumtoa mbele ya daktari. Ndipo mimi na mume wangu tukaamua kununua kiyoyozi.

Mimi ni mtunza stoo katika duka la pembejeo. Siagizi hata gunia la mbegu bila kuchora jedwali, na kiyoyozi nilikichorea majedwali mawili. Nilipima urefu, upana na kimo cha chumba kwa futi ya fundi seremala. Niliandika ukuta upi unapigwa na jua la jioni, umeme wetu unashuka saa ngapi, mashine ipi haina kelele. Nilisoma wiki mbili. Jibu likawa moja: chumba kile kinatosheka na BTU elfu tisa, kipimo cha nguvu ya kupoza, au elfu kumi na mbili ukiogopa jua la magharibi.

Nikachukua elfu kumi na nane.

Muuzaji alisema mgonjwa hapunjwi baridi, lakini sitamlaumu muuzaji. Nilikuwa namsikia baba akisema napikwa, na hesabu zote zikanitoka kichwani.

Fundi aliyekuja kuifunga alikuwa mtu mzima, mcheshi, kipara kinang'aa. Alitazama chumba, akatazama matundu ya hewa juu ya madirisha na wavu wa mbu, akashika kiuno. "Mama, hapa unataka kupoza Kihonda nzima? Ziba hayo. Umeme ununue wewe, baridi apate jirani?" Tulicheka wote, hata baba. Alikuwa sahihi kuhusu baridi. Hakujua habari za mkaa, na hakuna aliyemwambia.

Niliziba mwenyewe, siku ya Jumapili. Saruji kwenye matundu, vioo mahali pa wavu, silikoni pembeni, dari nikalijaza kila ufa. Kila nikimaliza sehemu naiwekea alama ya vema kwenye daftari. Kilichobaki kilikuwa mpira wa chini ya mlango, maana dukani ulikuwa umekwisha.

Na hapa ndipo lilipo kosa lenyewe. Niliamini ile mashine inaleta hewa kutoka nje. Bomba linapita ukutani, nje kuna mashine nyingine yenye feni, upepo unatokea ndani ukiwa baridi na safi. Ungefikiri nini? Niliona inakipumulia chumba kile. Kumbe inazungusha hewa ileile iliyomo ndani, inaipoza na kuirudisha. Fundi angenieleza kwa sentensi moja kama ningeuliza. Kwenye majedwali yangu mawili hapakuwa na mstari wa hewa.

Januari niliandika hapa hapa kwenye blogu ushauri wa kuchagua kiyoyozi cha nyumbani, na majedwali yangu nikaweka. Niliona fahari. Bado watu wanausoma. Juzi mmoja ameandika chini yake: "Asante dada, nimeziba kila tundu kama ulivyosema." Nimeufuta leo. Yeye nimemjibu peke yake: acha upenyo wa hewa, na usiingize moto wa aina yoyote kwenye chumba hicho. Hajajibu.

Baba alipata nafuu, hilo lazima niliandike pia. Usiku wa kwanza alilala. Asubuhi aliomba uji. Nilikuwa nimeiweka mashine kwenye nyuzi kumi na nane, nikaibandika rimoti juu ya kabati kwa gundi ya karatasi, na karatasi yenye maneno ISIGUSWE. Chumba kile kidogo, na mashine ile kubwa, kikawa Mgeta ya Julai.

Mama alikuwa anakaa humo mchana kutwa na kanga tatu mabegani. Baba alimtania, "Wewe si umezaliwa kwenye ukungu? Leo unaogopa upepo wa ukutani?" Naye akamjibu, "Ukungu ulikuwa wa Mungu, huu wa kwenu unapuliza mtu sikioni." Nilisikia, nikacheka, nikaenda kazini.

Hakuniambia kwamba anaumia. Ile nyumba ni ya mkwewe. Kwetu mama mkwe haombi kitu kwenye nyumba ya mkwe, hakosoi kitu, wala hagusi kilichonunuliwa na mkwe. Baadaye jirani yetu Mama Zuhura, ambaye hushona nguo barazani kwake, alinieleza kwamba alimwambia mama ainuke tu apunguze baridi kwenye rimoti. Mama akasema, "Hilo la mkwe. Nikiliharibu, uso wangu nitauweka wapi?"

Akatumia kitu alichokijua, kilichokuwa chake mwenyewe, alichokuja nacho kutoka nyumbani.

Ilikuwa Jumatano, alasiri. Nilikuwa stoo nahesabu mabomba ya kunyunyizia dawa Mama Zuhura alipopiga simu. "Mama Rehema, njoo. Usiulize, njoo." Nilipofika mama alikuwa barazani, ameegemea nguzo, anatapika, anashika kichwa kwa mikono miwili. Mle chumbani alikuwa amelala kwenye mkeka, kichwa kimeelekea mlangoni, pale ambapo sikuwa nimeweka mpira. Aliamka kichwa kinapasuka, akajikokota nje. Alidhani ni chakula.

Baba alikuwa kitandani, blanketi mpaka shingoni, ametulia kuliko siku zote.

Miguuni pa kitanda kulikuwa na jiko, makaa yamefunikwa majivu vizuri, kama wanavyofunika Mgeta ili moto udumu.

Nililitoa jiko lile kwa mlango wa nyuma kabla majirani hawajaingia. Sijawahi kuandika hili. Mikono ilifanya kabla sijaamua, lakini ni mikono yangu.

Hospitali, daktari aliyempokea mama aliniuliza tulikuwa tunawasha nini chumbani. Nilimwambia. Akaniita pembeni. "Moyo wa mzee ulikuwa dhaifu, lakini haukuwa umefika hapo. Mkaa kwenye chumba kilichozibwa unatoa hewa ya sumu. Haina harufu, mtu analala tu. Mama yako ana bahati." Kisha akasema, "Aambiwe, asije akarudia."

Nikasema ndiyo, daktari.

Tukampeleka baba Mgeta, tukamzika kesho yake. Msibani mama aliwaeleza wanawake wenzake, mmoja baada ya mwingine, jinsi alivyomwuguza mumewe mpaka mwisho. Baridi ilikuwa imemwingia miguuni, akampashia chumba, akamfunika, akalala pembeni yake. "Amekufa miguu yake ina joto," alisema. Wanawake wakamsifu. Mimi nilikuwa nimekaa nao namenya viazi.

Ningemwambiaje?

Nilimweleza mume wangu peke yake. Anafanya kazi kiwandani huko Turiani, anarudi Jumamosi. Alisema, "Usimwambie. Utazika wawili." Nikakubali haraka mno. Nilijidanganya kwamba namlinda mama, lakini ukweli ukianza kusemwa hauishii kwenye jiko. Utauliza nani aliziba, nani alichukua mashine kubwa, nani alibandika rimoti. Nilikuwa najilinda mwenyewe nyuma ya mgongo wa mama yangu.

Mama alinishukuru. Hilo ndilo nisiloweza kulimeza. Alinishika mkono akasema nimempa baba baridi ya kwao kabla hajaondoka.

Leo, baada ya simu ya Shabani, nilikaa stoo sioni ninachoandika. Saa saba nikahesabu mifuko ya mbolea mara tatu na kila mara nikapata idadi tofauti. Kule juu kuna mtu aliyekwepa kifo kwa upenyo wa mlango, na sasa kaka yake mwenyewe, namaanisha mwanawe, anamwambia milango yote imekaza.

Naacha kosa hilo lilivyo.

Saa nane na nusu nilimpigia Shabani. Alipokea, sauti ikaja na mwangwi, kama ya mtu aliyesimama mbali na simu. Nilipaswa kuuliza yuko wapi. Nilipaswa kumwambia atoke nje. Niliogopa kwamba nikivuta pumzi nitaishia tena kwenye rangi na unyevu, nikasema yote kwa mkupuo.

"Shabani, baba hakufa kwa moyo. Ni lile jiko, na chumba nilichokiziba mimi. Daktari aliniambia, nikaficha. Mama asiingize jiko humo hata dakika moja. Toboa hiyo nyumba leo."

Nikasikia mvua ndogo ikipiga bati lao.

"Dada," akasema, taratibu sana. "Mikono yangu ina jipsamu, nazibia ufa wa dari. Simu iko mezani, kwenye spika. Mama yupo."

Nilisikia mkeka ukichakacha, mtu akijiinua. Kisha sauti ya mama, ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi.

"Shabani, nifungulie mlango."

Simu ikakatika. Sijui nani aliikata.

Tangu hapo nimepiga mara tano, mara moja tu ndiyo Shabani amepokea, akiwa nje na nyundo. Ametoboa matundu mawili, anaendelea. Jiko amelitoa. Mama amekaa kizingitini, kanga kichwani, anatazama mvua. Hajala, hajalia, hajasema kitu kingine. Shabani alitaka kuniuliza jambo, akaghairi. "Acha nifanye kazi, Dada," akasema. Kwa mara ya kwanza maishani nimemsikia akiniita Dada kama anayeita mtu wa mbali.

Mume wangu naye nimempigia. "Umefanya nini sasa?" akauliza. Nikamwambia nimefanya nilichotakiwa kufanya Februari. Anaomba ruhusa kazini ili anifuate.

Kesho alfajiri kuna lori linalorudi Mgeta tupu kuchukua kabichi na karoti za kupeleka Dar. Nimeongea na dereva, ameniwekea nafasi mbele. Ruhusa ya kazini nimeandika. Mama akiuliza nitajibu kila kitu, kuanzia siku niliyochukua mashine kubwa kuliko chumba, na sitaruka hatua hata moja. Asipouliza, nitakaa naye hapo mlangoni mpaka eda iishe, akitaka. Asipotaka, nitakaa kwa Shabani.

Ninachokiogopa ni kidogo kuliko hayo yote, na ndicho kinachonikosesha nguvu ya kufunga begi. Nitafika, nitavua viatu, nitapiga goti kama kila mara.

Nikimwambia shikamoo, ataitikia?