Tovuti Yangu Inaishi Sebuleni kwa Baba Mkwe

Mshauri mpendwa, shikamoo.

Naomba unisaidie kabla sijaharibu nyumba yenye amani, maana jambo hili nikiwaeleza marafiki zangu wanacheka, na mimi usingizi sipati.

Nafuma kofia, soksi na masweta ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati, kwa sababu wangu wa kwanza alizaliwa hivyo na madukani hatukupata nguo ya kumtosha, hata kofia ya mdoli ilimfunika mpaka puani, nikaanza kumfumia mwenyewe, wauguzi wakaona, wakaniagizia, na biashara ikaanzia hapo. Baba mkwe wangu, aliyestaafu ufundi wa simu, akanitengenezea tovuti, akasema kulipia kampuni iihifadhi ni kujitakia hasara, ataiweka kwenye kompyuta yake, na kweli akaiweka sebuleni, kwenye meza iliyokuwa ya cherehani ya marehemu mama mkwe, akaitafutia na feni yake, na tangu hapo kila asubuhi ananipigia, "Mkwe, duka limeamka salama," nami namuuliza kama amekunywa chai, ndiyo siku yetu inaanza.

Sasa biashara imekua, naagiziwa kutoka miji nisiyowahi kufika, nimeajiri wafumaji, lakini wateja wakiingia wengi tovuti inakwama, na umeme ukikatika kwa baba duka nalo limefungwa. Majuzi mtangazaji wa redio alitutaja, watu wakamiminika, mashine ikazidiwa ikazima kabisa, baba akakaa mbele yake anaipepea kwa gazeti kama mgonjwa wa homa.

Mchana huohuo muuguzi akanipigia, "Dada, kuna baba hapa wodini anajaribu kuagiza kwako tangu asubuhi hapati kitu. Umefunga?" Nikabeba nguo nikaenda mwenyewe, nikamkuta yule baba amekata soksi yake, akaifunga fundo juu, ndiyo kofia ya mwanawe. Akaniambia kwa upole, "Nilidhani mmeacha kutengeneza." Mshauri, nililia mpaka kituo cha basi.

Mume wangu anasema, "Ihamishie tu kwenye kampuni, mzee ataelewa," lakini kumwambia hataki, anasema ninaelewana na baba yake kuliko yeye. Na mzee mwenyewe hatoki nyumbani, hata harusi ya mpwa wake hakwenda, eti nani atalinda duka. Halafu kampuni za kuhifadhi tovuti ni nyingi, kila moja inajisifu, moja inaniahidi nafasi isiyo na kikomo, nyingine inataka nikodi seva nzima, yaani kompyuta yao kubwa, peke yangu, nami sijui hata niulize nini. Nampenda sana mzee huyu. Nifanyeje?

Mkwe mwenye wasiwasi

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliijibu siku ileile kwa barua pepe, maana watoto njiti hawangoji gazeti. Wasomaji nao wasome nilichokuambia.

Pole, na hongera. Sasa nikugombeze kidogo. Umemgeuza mzee yai. Mtu aliyeshughulikia laini za simu maisha yake yote anajua kuwa laini ikizidiwa huongezwa nyingine, wala hakuna anayelia. Tena umeandika kwamba hakwenda harusini, ukaipita sentensi hiyo mbiombio. Irudie. Mmemweka lindo lisilo na zamu. Kuna aliyemuuliza kama hajachoka?

Nenda kwake wewe mwenyewe, si kwa simu. Mweleze habari ya ile soksi kama ulivyonieleza mimi. Usimtungie uongo, wala usimbunie kijikazi cha kumliwaza. Atagundua, na hapo ndipo utamuumiza kweli.

Kuhusu kampuni, hiyo ya "bila kikomo" iache ijisifu. Hakuna chumba kisicho na kuta. Seva nzima bado si saizi yako, utalipia nafasi ya kulaza vumbi. Tafuta kampuni itakayokuongezea nguvu siku redio ikikutaja na kuipunguza mambo yakitulia, bila kufunga duka. Waulize nakala ya duka lako inawekwa kila siku au wakikumbuka, na likiharibika wanalirudishaje. Halafu wapigie simu kabla hujalipa. Wasiopokea simu ya mtu anayetaka kulipa, hawatapokea ya aliyekwisha kulipa. Jina la tovuti liandikishwe kwako, si kwa kampuni, ili siku mkikosana uondoke nalo. Na mashine ya sebuleni isizimwe mpaka duka jipya lipokee agizo la mtu wa kweli na mzigo umfikie.

Wasomaji, juzi mkwe huyu ameniandikia tena. Alikwenda. Mzee alisikiliza habari ya soksi mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Mkwe, umeme ukiyumba tu, moyo wangu unaruka. Nimetaka kukuambia siku nyingi kwamba mzigo umenizidi. Niliona aibu."

"Kwa nini hukusema, baba?"

"Wewe je, kwa nini hukusema?"

Wakacheka mpaka chai ikapoa. Kisha mzee akachukua simu, akazipigia kampuni mwenyewe. Moja ilimwacha anasikiliza muziki, akaikata hapohapo. Kwa ile waliyoichagua, simu ilipokelewa na binti aliyejibu kila swali bila kumharakisha. Duka limehama salama, na mzee amesema anataka kwenda kukaa kwa dada yake, ambaye hawajaonana tangu msiba wa mama mkwe.

Mwanangu, limebaki neno moja, nalo ni la mumeo, kwa hiyo msomee. Bwana, ulijificha nyuma ya mkeo kwa jambo lililokuwa lako. Safari hii mpeleke baba yako wewe. Beba mizigo, kaa kiti cha pembeni yake, simu iweke mfukoni, na njia nzima muulize habari zake. Mkifika usikimbilie kurudi. Shangazi yako naye ana ya kwake ya kukuambia.