Ukuta wa Shee

Uthiru, Nairobi
12 Januari 2025

Mama yangu,

Assalamu alaikum. Mimi ni mzima, ila mgongo umezeeka kabla yangu. Jengo letu la Upper Hill limefika ghorofa ya kumi na nne, winchi imeharibika, kwa hiyo winchi ni sisi. Goti lako je?

Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu unajua Hafiz yuko pembeni yangu, unakata. Mama, mdogo wangu ameacha kuigiza. Miaka tisa amekuwa jambazi wa kila Jumatano kwenye televisheni. Sasa ni mwelekezi. Anasimama nyuma ya kamera na kuwaambia wengine la kufanya. Stesheni imempa mchezo mmoja wa kumjaribu. Ukipendeza atapewa mwaka mzima. Usipopendeza hana pa kurudi, maana yule jambazi wamekwisha kumzika.

Najua mazishi hayo ndiyo yaliyokukasirisha. Lakini hawezi kuanza bila radhi yako. Ameahirisha mara mbili, wenzake wanadhani anaumwa. Sema neno moja tu.

Mwanao,
Shee


Lamu
27 Januari 2025

Mwanangu Shee,

Waalaikumu salaam. Goti linauma likitaka. Wewe kunywa maziwa, na mwambie msimamizi wako kuwa punda nao hupumzishwa.

Siku ile hukuwepo. Watu walimwona mwanangu kwenye televisheni amevishwa sanda, ametiwa kaburini, mchanga unamwagwa. Sijavaa hata viatu, jirani yangu Ummulkheir huyo na sufuria ya wali, analia, na mtaa mzima nyuma yake. Mwalimu Abdulrauf akaanza khitma! Nikisema, "Hafiz yu hai, huo ni mchezo," wananijibu, "Subira, Bi Zainab, subira." Ikabidi Hafiz apige simu azungumze na kila mtu. Mmoja hadi leo haamini.

Sanda haichezewi. Sasa anataka kuwavisha wana wa wenzangu? Katika mchezo wake mpya kuna maiti au hakuna? Nijibu hilo kwanza.

Mamako


Uthiru, Nairobi
16 Februari 2025

Mama,

Salamu nyingi, na za Hafiz ndani yake ingawa hukuziuliza.

Nilimpelekea swali lako. Akainama. "Yuko mmoja," akasema. "Hadithi imeshapitishwa." Kisha stesheni ikamwambia aanze Jumatatu au ampishe mwingine. Akaanza bila radhi.

Yaliyofuata ni kosa langu. Alikuwa amenipa kibarua nimjengee chumba ndani ya ghala la Bwana Wachira hapa Uthiru, chumba atakachofia huyo mtu wa hadithi. Mimi niliishia darasa la sita lakini ukuta naujua. Nikaweka mawe, saruji na nondo. Siku ya kupiga picha akaja Thuo, mshika kamera, akausukuma kwa bega. Ukuta ukamsukuma yeye.

"Fundi, hii ukuta inatoka aje?"

"Inatoka kwenda wapi? Hiyo haitoki hadi Kiyama."

"Eh! Ukuta ya TV ni mbao, tunaitoa kamera ipite! Boss, ndugu yako ametujengea benki!"

Kamera haikuenea ndani. Watu wote wakanitazama, nikatamani winchi ya Upper Hill inipandishe nisishuke. Hafiz akauzunguka ule ukuta mara mbili. Halafu akacheka, Mama, kile kicheko chake cha utotoni. Akasema, "Tubaki nje."

Basi kamera ikawekwa mlangoni, ikaelekezwa kwa wanawake wanaongoja habari za mgonjwa. Mmoja anaomba, mmoja anagombana na jiko. Mgonjwa mwenyewe hatukumwona. Hakuna aliyelala chini, hakuna aliyevishwa sanda. Mwisho Janice, mkubwa wa stesheni, alikuwa anapangusa macho. Tulikwenda Kenyatta Market kula nyama choma, na Thuo akanikatia mbavu nzima akiniita mhandisi.

Utaonyeshwa Jumatano ya kwanza baada ya Idi. Tazama, Mama. Anakusubiri wewe kuliko anavyoisubiri stesheni.

Mwanao,
Shee


Lamu
20 Aprili 2025

Shee, hujambo? Mpe nduguyo karatasi hii. Usiisome.

Mwanangu Hafiz,

Hujambo? Unakula? Kwenye picha ya gazeti shingo yako imekuwa kama ya mbuni.

Tulitazama kwa Ummulkheir, watu ishirini na wawili. Nilikaa karibu na mlango ili nitoke sanda ikionekana. Sikutoka. Wale wanawake walikuwa sisi, Hafiz. Ummulkheir akasema, "Huyo anayegombana na jiko ni mimi!" Tukacheka mpaka machozi, kisha machozi yakabaki yenyewe.

Nimesikia wamekupa mwaka mzima. Hata wangekunyima, radhi yangu unayo, kwa moyo mweupe, na marehemu babako angekupa.

Ila yule wa buibui la kijani hajui kungoja. Ameketi tu! Anayengoja habari ya mgonjwa haketi. Huosha kikombe kilichokwisha kuoshwa, hukunja nguo iliyokunjwa. Nimeshakata tikiti ya basi, nitafika Alhamisi, nimwonyeshe mwenyewe. Kamera isinielekee. Ikibidi, iwe upande wa kulia.

Mamako