Waya Ulinyamaza Wakati Mbaya

Fetu'u, nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Waya wa gitaa langu la besi ulikuwa unakwaruza mazoezini, kwaya haisikilizani. Nikaufungua, nikalehemu palipoachia, nikachomeka. Bado! Nikautikisa kwa hasira huku naporomosha lile tusi la mama. Unalijua.

Palepale waya ukanyamaza. Tusi likabaki peke yake kanisani.

Na Lupe yuko mbele, anasubiri kuimba. Dada yangu wa damu! Sisi ambao, kwa heshima ya kaka na dada, hata filamu hatutazami chumba kimoja! Tusi lile, mbele ya dada!

Akafunga kitabu cha nyimbo, akatoka. Wanawake wote wakamfuata.

Mchungaji akaniuliza taratibu, "Waya umepona?"

Nikapiga noti moja. Safi kabisa, Fetu'u. Hakuna wa kuimba.