Kumi na Nne Yangu Imekuwa Kumi

Jumamosi, mwezi wa saba. Baridi ya Mbozi leo haina huruma. Nimevaa sweta mbili na kitenge juu yake, na bado vidole vinagoma kubonyeza simu. Lakini nina furaha! Mama mkwe ameniuliza kama nimeokota kitu njiani.

Shajara yangu, unajua kilichokuwa kinanikaba. Hisabati ya kidato cha nne imeniangusha mara mbili, na chuo cha ualimu ninachokitaka hakimpokei mtu bila hiyo. Ndiyo maana kila Jumamosi natoka Hasamba kwenda Tunduma, kwenye darasa la sisi watu wazima tunaorudia mtihani.

Wiki iliyopita nilimwambia mume wangu kwamba jaribio la leo ndilo la mwisho. Vekta zikinishinda tena, naacha. Akasema sawa. Iliniuma, kwa sababu nilitaka anibishie.

Vekta zenyewe, ukimsikia mwalimu wetu, ni mchezo. Ni mwendo wenye urefu na mwelekeo, basi. Aliandika ubaoni (6, 8), yaani sita kwenda mashariki, kisha nane kwenda kaskazini, akasema tutafute urefu wake. Mimi mbio mbio: kumi na nne. Kosa. Nikarudia nyumbani kwa utulivu, chai pembeni: kumi na nne. Nikapeleka, kosa tena.

Kanuni niliikariri, ile ya kuzidisha kila namba kwa yenyewe, kujumlisha, halafu kutafuta kipeo cha pili. Ila moyoni niliiona kama usumbufu wa wasomi. Sita nimetembea, nane nimetembea. Nani ananipunguzia safari yangu? Basi nikifika kwenye swali mkono unarudi kwenye kujumlisha, kama ng'ombe wa jembe anavyojua njia ya kwao.

Halafu ikaja vekta kizio. Hiyo ni vekta yenye mwelekeo uleule, lakini urefu wake ni moja tu. Unaipata kwa kugawa kila namba kwa urefu wa ile ya mwanzo. Nikagawa kwa kumi na nne yangu, nikapata 3/7 na 4/7. Nikahakiki kwa kujumlisha: moja kamili! Sasa mtu atajuaje amekosea, wakati kosa lenyewe linamwambia uko sawa?

Nililia siku ile. Nililia chooni, mwanangu Faraja asinione.

Aliyenifungua macho ni mama mkwe, na mwenyewe hajui mpaka sasa. Juzi Alhamisi tulikuwa tunakwenda kanisani kwenye maombi ya akina mama. Ili ufike kanisani kutoka kwetu, unazunguka shamba la jirani: unafuata mpaka wa chini, unakunja kona, unapanda na mpaka wa pembeni. Huku kwetu mtoto anafundishwa mapema kwamba shamba la mtu halikatwi katikati. Ukikanyaga maharage ya watu, utasemwa wewe, atasemwa hata mama yako aliyekulea. Mimi nimezoea hivyo tangu utoto, kwa hiyo nikashika mpaka wangu bila kufikiri.

Nikasikia sauti nyuma yangu.

"We Mama Faraja, unazunguka nini? Mahindi yameshavunwa, kata hapa hapa!"

Mama mkwe huyo, na goti lake bovu, anakatiza kwenye mabua moja kwa moja, kona hadi kona. Nilipofika upande wa pili nahema, yeye ameshakaa kwenye jiwe anafunga kilemba upya.

Nikabaki nimesimama kama mti. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana mama, nimeona kumi.

Ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote hii nilikuwa napima mpaka wa shamba, sio vekta! Vekta haina jirani wa kuogopa. Inatoka kona hii inakwenda kona ile, inakata katikati, na ni fupi kuliko kuzunguka. Sita kwa sita thelathini na sita, nane kwa nane sitini na nne, jumla mia, na kipeo chake cha pili ni kumi. Kumi! Na 3/7 na 4/7 zangu nilizihakiki kwa kuzunguka vilevile, ndiyo maana zilinidanganya. Maombini siku hiyo sikusikia hata mstari mmoja, Mungu anisamehe.

Leo jaribio limekuja na (5, 12). Mkono ukataka kuandika kumi na saba, nikauzuia. Ishirini na tano, mia arobaini na nne, jumla mia sitini na tisa. Kumi na tatu. Vekta kizio 5/13 na 12/13. Nikahakiki kwa kanuni ya kukata katikati, nikapata moja. Safari hii moja ya kweli, na nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakageuka.

Mwalimu alipopita kwenye meza yangu alisoma jibu langu. Akanipa chaki. Akataka niwaeleze wenzangu, maana wengi wao walikuwa wameandika kumi na saba.

Nikaenda ubaoni. Nikachora shamba, nikachora mpaka, nikamchora mama mkwe kwenye mabua. Darasa likaangua kicheko. Nikachora mstari wa kukatiza, nikaeleza polepole, kwanza urefu, kisha kugawa. Hapo akanyoosha mkono Kaka Ambakisye, fundi wa matairi ya malori pale mpakani, ambaye siku zote huwa ananiita dada.

"Mwalimu, samahani, hebu rudia hapo kwenye kugawa."

Nikageuka kumtazama mwalimu wetu, nikidhani anaulizwa yeye. Mwalimu wetu alikuwa amekaa dawati la nyuma, anaandika ninayoyasema. Kaka Ambakisye alikuwa ananitazama mimi, kalamu mkononi, anasubiri.

Nikarudia hapo kwenye kugawa.