Dole Gumba la Mama

Ofisi ya Makongamano,
Ghorofa ya Pili, Jengo la Maktaba.
Jumapili, wiki moja baada ya kongamano.

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Salamu kwanza, maana hasira si sababu ya kukosa adabu. U hali gani? Mkeo hajambo? Wanangu wanaendeleaje na shule, na yule mdogo kikohozi kimemwacha? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Miguu yangu bado imevimba kwa kusimama kongamano zima, na sauti ndiyo kwanza inarudi. Imerudi wakati mzuri, maana ninayo ya kukueleza.

Umeniandikia kwenye simu kwamba kongamano lilifana, niwapongeze waandaaji. Waandaaji gani? Waandaaji ni mimi, fundi mitambo na karani wa mapokezi. Mwaka mzima nimekimbizana na watu wenye shahada za uzamivu ambao hawawezi kutuma ikisiri kabla ya tarehe ya mwisho. Ukumbi umekodishwa kwetu na kwa watu wa harusi siku ileile. Mgeni mmoja anataka chumba kisicho na zulia, mwingine hataki kuzungumza baada ya chakula cha mchana kwa kuwa watu humsinzilia. Watamsinzilia hata asubuhi, lakini hilo sikumwambia. Hayo ndiyo kazi yangu, nimeyazoea.

Lakini wewe sikukualika kwa ajili ya kazi. Wale maprofesa walikuwa na mtu wao wa kutoa mada kuu. Nikang'ang'ana nao mpaka wakachoka. Niliwaambia kongamano ni la kisomo cha watu wazima, na ndugu yangu ameandika vitabu juu ya jambo hilohilo. Moyoni nilikuwa na langu. Mama hajakuona miaka sita, na nilijua kwa nauli yako huji, ila kwa tiketi ya watu utakuja.

Nikapanga nikushtukize. Mama nikamketisha mstari wa mbele, pembeni, amevaa lile gauni lake la kijani, beji shingoni, maua mapajani. Kwenye ratiba, baada ya mada yako, niliandika tu "Mgeni wa heshima", na mshereheshaji nikamnong'oneza ni nani. Wakati tunakusubiri mama alivaa miwani akaisoma ratiba yote, akaniita kunionyesha kwamba chai ya asubuhi nimeiandika mara mbili. Tukacheka. Taa zikapunguzwa, ukapanda jukwaani.

Ukaanza. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, kwenye meza ya fundi mitambo. Ukasema wewe ni mtoto wa mama asiyejua hata herufi moja. Ukasema alikuwa akishika gazeti juu chini, anajifanya anasoma, ili wanawe wasione aibu. Ukaigiza na mikono! Watu wakacheka, kisha wakalia. Profesa mmoja mzima alitoa leso. Mimi nilitamani nimwambie fundi akate umeme.

Wewe Kasuku wewe! Tasnifu yako aliipiga chapa nani? Mama alikuwa mpiga chapa wa mahakama mpaka alipostaafu. Mahakimu walimpelekea hukumu zao azinyooshe lugha kabla hazijasomwa. Kutwa anapiga hukumu za watu, jioni anarudi vidole vimekufa ganzi, anakaa tena kwenye mashine ya kuazima anapiga kurasa zako, na palipokuwa na upuuzi alikuwekea alama ya penseli. Shukrani ya punda ni mateke, nilikuwa nikiusikia msemo huu tangu utotoni, sikujua siku moja nitauona umevaa tai.

Ungetaka kusema umaskini, ungesema. Tulilala na njaa kweli, paa lilivuja kweli, baba alikufa na madeni kweli. Yote hayo hayakukutosha?

Mshereheshaji hana kosa, alifuata nilichompa. Akapaza sauti, "Na furaha iliyoje, mama mwenyewe tunaye humu ndani!" Ukumbi wote ukasimama. Nilikuona, uso ulikushuka. Mama akapanda ngazi polepole, akakupa maua, ukamkumbatia, kamera zikafanya kazi yake. Mimi wakati huo nilikuwa njiani nawapenya watu, maana nilijua kinachofuata. Kila mgeni wa heshima hutia saini kitabu cha wageni palepale jukwaani, na utaratibu huo niliuweka mimi.

Karani wa mapokezi ana roho nzuri, nawe usimlaumu. Alikuwa bado anafuta machozi ya hotuba yako. Alipoona mama anaelekezwa kwenye kitabu, alikimbilia mezani kwake, akaleta kile kidau cha wino tunachogongea muhuri vyeti vya ushiriki. Akamfungulia, akamwambia kwa upole, "Weka dole tu mama, inatosha."

Mama akautazama wino. Halafu akakutazama wewe.

Nafasi ulikuwa nayo, Kasuku. Ungesema tu, "Mama anajua kuandika," basi. Watu wangeguna, ungeona haya kidogo, ungesema ulimi hauna mfupa, yangekwisha kabla ya chai. Wewe ukainamisha kichwa ukatazama maua, kana kwamba hujawahi kuona maua tangu uzaliwe.

Mama akachovya dole gumba, akabonyeza kwenye ukurasa. Na watu wakapiga makofi.

Nilikuwa nimefika chini ya jukwaa. Nilifungua mdomo, mama akanipa lile jicho lake unalolijua, la kutunyamazisha mbele za wageni. Nikaufunga. Angekuwa mtu mwingine ningepiga kelele mpaka paa liondoke, lakini yeye alikuwa amekwisha amua, na ningemvunjia heshima mara ya pili.

Kufika chai, umekwisha ondoka. Una ndege, ulisema. Gari lililokupeleka nilikuandalia mimi, tena nililiwekea maji ya kunywa. Mama akabaki ameshika kikombe, watu wanapanga foleni kupiga picha naye, dole limemwingia wino mpaka ukuchani. Mtafiti mmoja wa kike akamwuliza mama kama angependa kujiunga na darasa la kisomo, hajachelewa bado. Mama alimjibu, "Nitafikiria, mwanangu."

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nililipuka. Yeye akasema, "Ulitaka nifanyeje? Nimwumbue mwanangu mbele za watu?" Kisha akaniuliza swali, nami nakuletea kama lilivyo kwa sababu jibu unalo wewe: "Nilimkosea nini, hata aone aibu kwamba nilisoma?"

Usifikiri yameishia hapo. Hotuba yako imezagaa kwenye simu za watu, na mtaani imefika. Juzi jirani yetu muuza mkaa alileta fomu ya matibabu ajaziwe, kama anavyofanya siku zote. Mama akamwambia miwani imevunjika. Miwani ilikuwa mfukoni mwake! Gazeti sasa analisoma chumbani, mlango ameufunga. Mama yako, mtu mzima, anajificha kusoma kama mwizi, ili wewe huko usionekane mwongo.

Najua utakachosema. Dada, ile ni mbinu tu ya kuzungumza, watu wanapenda kisa. Kisa kinapendeza, ndiyo, lakini ungejisingizia mwenyewe. Ungesema wewe ndiye uliyekuwa ukishika gazeti juu chini. Tungekuwa na mashahidi.

Sasa nisikilize. Kitabu cha mada za kongamano kinakwenda kiwandani kuchapwa mwisho wa mwezi, na hotuba yako ndiyo sura ya kwanza. Kuifuta ile aya naweza, kalamu ya mhariri ninayo mimi. Siifuti. Utaiandika upya wewe, kwa mkono wako, useme mama yako ni nani na alikufanyia nini, na humohumo uombe radhi. Halafu uje. Usije kwa tiketi ya kongamano, uje kwa nauli yako, ukae sebuleni na wale majirani, uwaambie ulidanganya. Usipoleta aya hiyo, kitabu kitaanza na sura ya mtu mwingine. Maprofesa wataniuliza kwa nini, nami nitawajibu bila kupepesa macho.

Mjomba fundi saa anakusalimu sana, anasema redio uliyomwahidi usijisumbue nayo, ameshanunua. Shangazi naye anakusalimu, magoti yanamsumbua lakini maneno hayajapungua. Nisalimie watoto wote. Mkeo mpe barua hii aisome, sina siri naye. Mungu akulinde ugenini, akupe afya, na akupe haya mahali panapostahili haya.

Salamu za mama sina. Jioni hii nilimpelekea barua na kalamu, nikamwomba aongeze mstari wake hapa chini. Akavaa miwani, akaisoma yote. Akaishika kalamu muda mrefu, kisha akanirudishia.

"Acha tu," alisema. "Huko aliko, asije mtu akauona mwandiko wangu."

Ni mimi dada yako mkubwa,
nakupenda, na bado nimekasirika.