Barua Niliyoikata Kola

Chumba cha cherehani,
Ijumaa, saa mbili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Mbio,

Salamu nyingi zikufikie. Hujambo wewe, wifi yangu na wale mapacha? Kile kifua cha mkubwa wao kimepona? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hautulii. Tangu jana jioni nakaa, nasimama, nakaa tena, na sindano mbili nimeshavunja.

Nakuandikia kwa sababu simu yako haipatikani, na ya wifi ndiyo kabisa. Barua hii naiweka juu ya furushi la sare ninalokutumia kwa basi, utaikuta kesho ukija kulichukua stendi kama kawaida yako.

Sasa sikia. Jana imekuja barua kutoka kwa waliotengeneza hilo gari nililokupa. Imekuja kwangu kwa kuwa kadi ya gari bado ina jina langu. Mwaka wa pili huu unaniahidi kwenda kubadilisha. Wanasema magari ya aina hiyo yana kasoro: mpira unaopeleka mafuta kwenye breki za mbele unaweza kupasuka ghafla. Tulipeleke gereji yao, watabadilisha bure.

Nilipoona neno bure nikacheka. Unajua walivyoniliza mwaka jana wale matapeli wa bima, na barua yao yenye mihuri mitatu. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nikampelekea fundi magari wa hapa jirani. Akafuta mikono, akaisoma yote, akasema, "Dada, tapeli hana subira. Angekwambia lipa kabla ya kesho. Hawa wanataka nini kwako?"

Nikatafuta wanachotaka, sikukiona. Hawaombi hela wala namba ya benki. Nikatoa nakala ya kadi, nikalinganisha namba ya chesisi, kidole huku, kidole kule. Ni yenyewe. Hata hapo sikuridhika, maana namba nazo huibwa. Simu iliyoandikwa kwenye barua sikuipiga. Mwizi hakupi namba ya polisi. Nikapiga ile iliyo kwenye kitabu cha gari, kile alichokitunza marehemu shemeji yako. Akapokea binti mmoja mpole, akasema ni kweli, barua ni yao. Kisha akaniuliza, "Mama, kwani ile ya kwanza, ya miezi mitatu iliyopita, haikukufikia?"

Nikamjibu haikufika. Nilipokata simu nikaanza kuwaza ilikokwenda.

Wewe unanijua, karatasi nzito hainipiti. Nikaumwaga sakafuni mfuko wangu wa patani, zile karatasi ninazopimia nguo. Nikaiona: kola ya blauzi za shule, saizi ya kati, na katikati yake maneno "breki za mbele". Siku ilipofika niliona nembo ya gari nikasema matapeli wamerudi, nikachukua mkasi. Blauzi zote ulizouza muhula huu, kola zake zimepimwa kwa karatasi hiyo. Miezi mitatu unawabeba watoto kwenye gari hilo, na onyo lako liko kwangu, nalichorea kola.

Nisamehe, mdogo wangu. Sina la kujitetea. Najua utasema dada anapenda kukuza mambo, na kwamba gari halijawahi kukusumbua. Sema utakavyo, lakini barua yao nimeibana hapa kwa pini, na ile namba ya kitabuni nimeiandika juu yake kwa kalamu nyekundu. Wapigie mwenyewe, uhakikishe kwa masikio yako. Waulize kama watatuma gari la kulivuta.

Msalimie sana wifi, mwambie kitambaa chake kipo, nitakishona nikisikia mko salama. Msalimie na mama mkwe wako, pamoja na binamu yetu kinyozi. Mola awafunike nyote kwa ulinzi wake.

La mwisho, na ndilo ninalolitaka. Najua kesho furushi hili utalifuata kwa gari hilo hilo. Najua unaisoma hii umeegemea mlango, na mapacha wako kiti cha nyuma wanagombea dirisha. Chomoa ufunguo, utie mfukoni. Washushe watoto. Gari liache hapo hapo stendi, furushi jitwike kichwani, mrudi kwa miguu. Wanaotaka kukucheka, wakucheke.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokugombeza,

Mama Cherehani