Namba Uliyoiita Tasa

Mume wangu,

Niko Mbeya, kwa mama. Kaka yako alikuja nyumbani kwetu Ipogolo kabla hata ya kuanua matanga. Alikaa kwenye kiti chako, akasema, "Shemeji, nyumba ni ya ukoo. Ungekuwa na mtoto tungezungumza mengine." Nilifunga mzigo wangu.

Unakumbuka ulivyojuta kwa neno lile? Ulikuwa ukinieleza namba ambazo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe, ukasema, "Hizi naziita namba tasa." Kisha ukaniangalia usoni, ukaweka chaki chini. "Nisamehe, mke wangu. Nitatafuta jina jingine." Hukulipata. Nikakuambia liache tu.

Ukachagua milioni moja na tisa. "Hii ni tasa, nina hakika." Ili kujua, tukaanza kuigawanya kwa kila tasa ndogo, kuanzia mbili kwenda juu, mpaka tufike karibu na elfu, maana ulisema zaidi ya hapo hakuna haja. Ulipolazwa kwa ajili ya kifua, uliendelea kitandani. Nilikuletea uji, wewe ukanionyesha hesabu. Mara ya mwisho ulikuwa kwenye mia mbili themanini na tatu. Ikabaki mia moja sabini. Ukasema, "Unaona? Haikubali." Ukakohoa, ukageukia ukutani. Niliporudi kesho yake, kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Hesabu sikuigusa tena, mpaka juzi mvua iliponifungia ndani. Nikachukua mkaa, nikaendelea pale sakafuni kutoka ulipoishia. Tasa iliyofuata ni mia mbili tisini na tatu. Nikagawanya. Nikapata elfu tatu mia nne kumi na tatu, na hakikubaki kitu. Nikazidisha kurudi nyuma. Ikawa ileile, milioni moja na tisa.

Si tasa, mume wangu. Ulibakiza moja tu.

Niligeuka kukuambia. Niligeuka kweli, mdomo wazi. Alikuwapo mama, anamenya viazi. Nikamweleza yeye. Akasikiliza mpaka mwisho, masikini, kisha akasema, "Sawa, mwanangu. Sasa futa hapo tupate kula." Nikafuta. Nikala. Halafu nikatoka nje nikalia, kwa sababu hakuna mwingine duniani ambaye angecheka kwa furaha kuambiwa amekosea.

Nilidhani jibu lingenipunguzia kitu. Halikupunguza. Asubuhi naamka, nanawa, najiuliza ninanawa kwa ajili ya nani. Mama anasema nitazoea. Mimi sioni hata ninapoanzia.

Lala, mume wangu. Siwezi kukuahidi kwamba nitakuwa sawa. Ninachoahidi ni hiki: mvua zikikatika nitapanda basi nije kupalilia kaburi lako pale uani kwetu. Kaka yako akinikataza nitakaa nje ya ua, na jembe langu magotini, mpaka achoke kuniangalia.

Mkeo,
Atupele